Mafuta ya Karai la Dada Yangu na Seli Nilizozilea

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Kisumu nilipewa ndoo, brashi ya chupa na onyo. Onyo lilitoka kwa Fundi Mkuu, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikono yake ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimetoka katika zahanati ya Awasi, ambako kazi yangu ilikuwa kufagia na kuosha vioo vya kupimia malaria. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba.

"Wewe nyar Awasi," aliniambia, maana kwetu nyar ni binti wa mahali fulani. "Hapa sabuni ni sumu. Ukiacha sabuni kidogo ndani ya chupa, kesho seli zote zimekufa, na daktari atadhani ni dawa yake imeziua. Atafurahi bure. Unataka umdanganye mtu na digrii zake zote kwa sabuni ya kuoshea?"

Nikasema hapana, sitaki.

"Basi suuza. Ukichoka, suuza tena."

Ninaandika habari za kazi hiyo kwa sababu ya swali. Mwaka jana tulimzika dada yangu mkubwa, ambaye watu wa Otonglo walimwita Min Awino, yaani mama yake Awino. Alikaanga samaki kando ya barabara pale Otonglo karibu maisha yake yote. Matanga yalipokwisha, Awino mwenyewe, mtoto wake wa pekee, alinijia nyuma ya nyumba nikiwa naanika viti tulivyoazima kanisani.

"Mama mdogo," akasema, "wewe ndiye ulifanya kazi na haya mambo ya mafuta na seli. Niambie ukweli. Karai ndilo lilimuua mama?"

Alikuwa anataka kujua kama achukue meza ya mama yake pale barabarani au aivunje. Nilimwomba anipe muda. Sikutaka kumjibu nikiwa nalia, kwa sababu mtu anayelia husema chochote. Nitaeleza kwanza nilichokiona kazini, ili jibu nililompa baadaye lieleweke kwake na kwa vijana wanaovaa makoti meupe siku hizi.

Kuosha chupa niliosha kwa miaka mingi. Nilisuuza kwa maji ya mfereji, kisha kwa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa hadi yakawa mvuke na kupozwa tena ili yasiwe na chumvi wala chokaa. Baada ya hapo chupa ziliingia katika sufuria kubwa ya mgandamizo na kuiva kwa mvuke mpaka hakuna kijidudu kilichobaki hai. Fundi Mkuu alikuwa akiinua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kama mwanamke anayekagua mchele. Hakunisifu hata siku moja. Lakini msaidizi wa chumba cha seli alipohamishwa Nairobi, Fundi Mkuu alikuja mpaka kwenye sinki na kusema, "Vua hayo magamba ya mpira. Kuanzia leo wewe ni mlezi."

Magamba ya mpira alimaanisha glavu zangu nene. Na ulezi alimaanisha kulea seli.

Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili ambacho bado kiko hai. Tulizokuwa nazo sisi zilikuwa seli nyeupe za damu, zilizotoka kwa mtu wa nchi ya mbali aliyekufa zamani kwa saratani ya damu. Mtu alikufa, seli zake hazikufa. Zilipewa chakula katika maabara moja, zikagawanyika, zikapelekwa nyingine, zikagawanyika tena, hadi zikafika kwetu ziwani zikiwa zimeganda ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu. Tuliziyeyusha, tukaziweka katika chupa bapa zenye maji mekundu ya chakula, na ndani ya chakula hicho tukachanganya seramu ya ndama, ambayo ni maji ya damu bila damu yenyewe. Kisha tukaziingiza kwenye kabati la joto, lenye joto kama la kwapa la mtu.

Maji mekundu yakianza kugeuka manjano, ujue zimekula zikamaliza na zinakaa katika uchafu wake. Unazibadilishia. Hazijui Jumapili wala sikukuu. Nilikuwa nikitoka kanisani nikiwa bado na kitambaa cha Umoja wa Akina Mama kichwani, napitia maabara kuzilisha, kisha narudi nyumbani kwangu mtaa wa Kaloleni kupika. Majirani walidhani nina mgonjwa hospitalini. Mmoja aliniletea uji nimpelekee.

Ili kujua ngapi ziko hai, tulichukua tone la seli tukalichanganya na rangi ya buluu. Seli hai inaikataa rangi. Ukuta wake ni mzima, kwa hiyo inabaki inang'aa kama lulu. Seli iliyokufa haina mlinzi mlangoni, rangi inaingia, inakuwa buluu. Unatazama kwa hadubini na kuhesabu, ukiwa na kibonyezo cha kuhesabia mkononi, na mtu yeyote akikusemesha unamwinulia kidole.

Daktari alikuja nikiwa nimezoea ulezi. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa kutoka Nyeri, mwenye sauti ya chini na tabia ya kula njugu akifikiri. Fundi Mkuu hakumwamini mwezi wa kwanza kwa sababu ya maganda ya njugu. Ndiye aliyeleta kazi ya kolesteroli iliyooksidishwa.

Nilimuuliza kolesteroli ni nini, kwa sababu nilikuwa nimelisikia neno hilo redioni likitajwa kama jina la mwizi.

"Si mwizi, Mama," akasema. Aliniita Mama ingawa umri wetu haukuachana sana. "Kila seli yako ina ukuta wa mafuta, na kolesteroli imesimama ndani ya ukuta huo kama nguzo ndani ya nyumba ya udongo. Bila hiyo ukuta unalegea. Mwili wenyewe unaitengeneza. Sasa chukua kolesteroli hiyo uipige moto muda mrefu, au uianike juani, au uiache wazi kwenye hewa. Hewa inaishika. Unajua chuma kinavyoshika kutu?"

"Najua."

"Basi inashika kutu yake. Haiwi tena kitu kile kile. Inaitwa oksisteroli, na ziko aina nyingi, kila moja na tabia zake. Na nyingine mwili unazitengeneza wenyewe, kwa makusudi, ziufanyie kazi. Hapo ndipo panapochanganya."

Zililetwa katika vichupa vidogo, unga mweupe kidogo tu chini. Fundi Mkuu alizifungia kwenye friza na kutoa sheria mpya: kabla ya kufunga kichupa, ipulizwe gesi isiyo na oksijeni juu ya unga, ili hewa isiendelee kuula. Hata kolesteroli safi, ukiisahau mezani bila kifuniko, baada ya muda si safi tena. Unga huo hauyeyuki katika maji, kwa hiyo tuliuyeyusha katika spiriti. Na kwa kuwa spiriti yenyewe yaweza kudhuru, kila mara tuliweka sahani nyingine ya seli iliyopewa spiriti tupu. Hiyo ndiyo ya kulinganisha. Kama zimekufa zote mbili, usilaumu oksisteroli.

Nilichokiona katika miaka hiyo ni mambo matatu, nami nitayaeleza kama nilivyoyaona, si kama yalivyoandikwa kwenye majarida ambayo sikuweza kuyasoma.

La kwanza ni kifo. Tukizipa aina fulani kwa wingi, seli zilikufa, lakini si ovyo. Nilikuwa nimeshaona seli zikifa vibaya, siku kabati la joto lilipoharibika: zilivimba, zikapasuka, zikamwaga matumbo yake juu ya jirani. Hizi za oksisteroli hazikupasuka. Zilijikunja, zikawa ndogo, kiini cha ndani kikagawanyika vipande, halafu seli nzima ikajifunga katika vifurushi vidogo. Daktari alikiita kifo cha mpango. Seli inapata ujumbe kwamba muda wake umefika, na inajivunja yenyewe taratibu ili isichafue wengine. Mwilini jirani huvila vifurushi vile na hakuna anayejua kulikuwa na msiba.

La pili ni kukua. Kwa dozi ndogo, au kwa aina nyingine, seli hazikufa ila ziliacha kuongezeka. Ulizipanda Jumatatu, Alhamisi ukazikuta vilevile, hai, zinang'aa, lakini hazizai. Daktari alisema oksisteroli zinaiambia seli kwamba kolesteroli imetosha, acha kutengeneza nyingine. Na seli ikikosa nguzo mpya haiwezi kujenga nyumba ya pili.

La tatu ndilo lililonifanya niipende kazi. Seli zetu zilikuwa changa. Zilielea tu katika maji, mviringo, kama watoto ambao hawajaamua watakuwa nani. Asubuhi moja niliinua sahani iliyopewa dozi ndogo ya aina fulani, nikaitikisa kidogo kama kawaida, na seli hazikutikisika. Nilidhani zimekufa. Nikaita.

Daktari aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, njugu mdomoni hazitafunwi.

"Tazama," akasema. "Zimeshika chini. Zimeota mikono. Hizi sasa ni seli za kumeza, zile zinazozunguka mwilini zikila takataka. Zimekomaa, Mama. Zimepata kazi."

"Kwa sababu ya ile kutu?"

"Kwa sababu ya ile kutu."

Fundi Mkuu naye akatazama. "Kama vijana wa mtaa wa Kondele," akasema. "Ukitaka watulie, wape shida kidogo."

Kwa hiyo mtu akiniuliza oksisteroli hufanya nini, siwezi kumpa neno moja. Inaua, inazuia, inakomaza. Inategemea ni ipi, ni kiasi gani, na imempata nani.

Sasa nije kwa dada yangu.

Viwanda vya samaki vikitoa minofu ya mbuta, yaani sangara, kwa kusafirisha nje, hubaki kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo. Hiyo tunaiita mgongo wazi, na ndiyo samaki wa watu wengi hapa kwetu. Mbuta ana mafuta mengi tumboni. Wanawake kama dada yangu huyayeyusha mafuta hayo katika karai na kumkaangia samaki ndani yake. Mafuta hayamwagwi. Yakipungua, yanaongezwa. Yale ya jana yanapokea ya leo, yanakuwa meusi, na ndiyo yanayompa samaki ile rangi ya udongo wa mto ambayo mteja anaitafuta. Samaki aliyekaangwa katika mafuta mapya hutoka mweupe, na watu humwona kama hajaiva.

Mafuta ya mimea hayana kolesteroli, lakini ya samaki yanayo. Daktari aliposikia habari ya karai lisilomwagwa, aliacha kutafuna. Aliniuliza kama naweza kumpatia sampuli. Nikaenda Otonglo Jumamosi, nikamweleza dada kwamba daktari wangu anaomba mafuta kidogo ya kupima.

"Daktari mwenyewe?" akauliza. "Yule wa Nyeri?"

"Yeye mwenyewe."

"Njoo Jumatatu asubuhi. Usije mapema."

Jumatatu alinipa chupa ya jamu iliyojaa mafuta. Na wanawake wawili wa meza za jirani, waliosikia, wakatoa chupa zao pia. Nikazichukua zote nikiwa na fahari.

Mafuta hayamwagwi juu ya seli hivi hivi. Fundi Mkuu aliyachemsha na spiriti na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ili mafuta ya kawaida yaondoke na kibaki kile kidogo kilichokataa kuwa sabuni. Humo ndimo kolesteroli na jamaa zake hukaa. Tukazipa seli. Tukangoja. Seli zikanawiri. Tukarudia. Zikanawiri tena, zote, za chupa zote tatu. Daktari alipima kwa mashine na kukuta oksisteroli chache mno. Alitembea chumbani akisema haiwezekani, mafuta yaliyokaa motoni miezi yote hiyo hayawezi kuwa safi hivi. Alianza kushuku mashine. Fundi Mkuu alianza kunishuku mimi, kwamba nimechanganya chupa.

Dada alikuja wiki hiyo kuniletea samaki wa chakula cha mchana. Daktari alimkaribisha ndani amshukuru. Alimwambia kwamba mafuta yake ni ya ajabu, hayajaharibika hata kidogo.

Dada akacheka. "Yataharibikaje na niliyayeyusha asubuhi ile ile?"

Fundi Mkuu akaacha kunitazama mimi, akamtazama yeye.

"Asubuhi ile?" Daktari akauliza.

"Sasa daktari anaomba mafuta, mimi nimpe ya karai? Yale meusi? Mgeni hata chai humwekei majani ya jana. Niliamka nikatafuta mafuta ya mbuta mkubwa, nikayayeyusha, nikayachuja na kitambaa cha kichwa kipya. Na wale wenzangu vilevile. Tulishindana nani atatoa safi zaidi." Akanigeukia. "Kwani si ungeniambia unataka takataka?"

Nilikuwa nimekulia nyumba moja naye, na jambo hilo halikuniingia akilini. Daktari ndiye aliyecheka zaidi, alicheka mpaka akakaa. Kisha akamwambia dada kwamba kwa adabu yake ametupatia sahani nzuri kabisa ya kulinganisha, na sasa anaomba, tafadhali, takataka.

Mafuta meusi yalipofika na kupita katika mikono ya Fundi Mkuu, tuliyaweka kwa seli pamoja na yale safi, sahani kando ya sahani. Katika mafuta safi seli ziliendelea. Katika mafuta meusi nyingi zilijikunja na kufa kwa mpango, nyingine zikaacha kuzaa, na chache pembeni zilikuwa zimeshika chini na kuota mikono.

Dada aliomba kuona. Daktari hakukataa. Alimweka kwenye kiti, akamwonyesha mahali pa kuweka macho, na dada akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Hawa ndio wanakufa?" akauliza.

"Hao wadogo, waliojikunja," nikamwambia.

"Mbona wanajifunga funga?"

Nikamweleza habari ya vifurushi na majirani.

"Kumbe wanakufa kwa adabu." Akatazama tena. "Na ni watu gani hawa?"

"Ni seli za mtu mmoja wa mbali. Alikufa zamani."

"Na watu wa kwao wanajua bado anafanya kazi hapa?"

Fundi Mkuu, ambaye huwa na jibu la kila kitu, alitoka nje kidogo.

Dada akaacha hadubini na kumtazama Daktari usoni. "Kwa hiyo mimi nauza kifo."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Lakini nimeona."

"Umeona seli kwenye sahani. Seli kwenye sahani iko uchi. Haina tumbo la kuipunguzia, haina ini la kuisafishia. Anayekula samaki wako ana vyote hivyo, na sijui ni kiasi gani kinavuka mpaka kwenye damu yake, wala kikifika kinafanya nini. Sijui, na sitaki nikutishe kwa kitu nisichokijua. Ila ningekuwa mimi, ningeyamwaga mafuta mara kwa mara."

"Nikiyamwaga samaki atatoka mweupe."

"Najua."

"Na nikiuza mweupe peke yangu, wateja watahamia meza ya pili."

"Najua, Mama."

"Unajua mengi ya kunisikitisha, na lile moja ninalolitaka hulijui," dada akasema, lakini alisema kwa upole, na alimwachia samaki wake wote.

Alijaribu. Lazima niseme hivyo kwa haki yake. Alimwaga karai, akaanza na mafuta mapya, na wateja wakamtania, "Min Awino, leo umetuchemshia?" Mwendesha boda mmoja aliuliza kama samaki ana malaria. Baadaye akapata njia yake ya katikati: aliyamwaga kila yalipoanza kutoa povu na kuwasha macho, akapunguza moto, na akaacha kula makombo ya chini ya karai ambayo tangu utoto wetu ndiyo yalikuwa chakula chake. Hayo makombo aliyapenda kuliko samaki wenyewe. Aliniambia ananusa na kugeuza uso.

Daktari alihamishiwa chuo kikuu kimoja mbali na hapa, na Fundi Mkuu akastaafu, kisha mimi. Siku yangu ya mwisho niligandisha seli zote katika vichupa, taratibu, kwa sababu ukizigandisha haraka zinapasuka. Msichana aliyechukua nafasi yangu ana diploma na mikono mizuri. Nilimwachia neno moja tu, asuuze.

Dada aliugua pale pale mezani kwake, asubuhi, akipanga samaki. Kichwa kilimuuma ghafla, mkono wa kulia ukalegea. Wenzake walimweka kwenye tuktuk na kunipigia simu, nikawakuta hospitalini. Madaktari wa hospitali walisema ni presha, na mshipa umeziba kichwani. Awino alikuwa saluni kwake Nakuru. Alipofika jioni, mama yake alikuwa ameshatuacha.

Daktari alikuja mazishini. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Tulisimama kando ya hema, nikamuuliza kile Awino alichokuwa karibu kuniuliza.

"Ningekuambia ndiyo, ningekudanganya," akasema. "Ningekuambia hapana, ningekudanganya pia. Tunaona hizi oksisteroli kwenye mishipa iliyoziba, hilo ni kweli. Lakini dada yako alikuwa na presha, alikaa kwenye moshi kila siku, alibeba mizigo, alizeeka. Nikikuonyesha kidole kimoja nitakuwa nimechagua tu."

Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo, ingawa lilinirudisha nyumbani na mzigo ule ule.

Nilimwita Awino kwangu Kaloleni baada ya siku kadhaa. Nilimwekea chai nikamweleza yote haya, kutoka sabuni hadi hema la mazishi. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo, ni karai?"

"Nimeona mafuta ya karai hilo yakiua seli. Niliyaona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja, na ya kulinganisha ilikuwepo. Lakini sikuona yakimuua mama yako. Hakuna aliyeona. Kwa hiyo sijui."

"Mama mdogo, ungesema ndiyo ningeenda kuivunja meza leo. Ungesema hapana ningekaanga kesho. Sasa nifanye nini na sijui?"

"Ukiichukua meza, mwaga mafuta mapema kuliko alivyomwaga yeye. Ukiiacha, usiiache kwa sababu ya maneno yangu. Hicho ndicho ninachoweza kukupa na nikalala usingizi."

Nilitegemea atakasirika. Wengi hukasirika. Nimetafakari sana tangu nistaafu kuhusu kile ambacho kazi ilinipa. Pensheni ni ndogo na majina ya kemikali nimeanza kuyasahau. Lakini maisha yangu yote ya kazi nilikaa na watu waliotenganisha walichokiona na walichokidhani, kila siku, bila kuona aibu, na hilo limebaki mwilini mwangu. Sikujua kwamba siku moja nitalihitaji mbele ya mtoto wa dada yangu.

Awino aliweka kikombe chini. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani ndilo alilokuja nalo tangu mwanzo.

"Aliumia?"

Hilo nililijua. Nilikuwepo.

"Asubuhi kichwa kilimuuma, na alisema kinauma. Sitakuficha. Walipompa dawa kiliacha. Baada ya hapo hakukunja uso tena. Nilikuwa nimemshika mkono huu wa kushoto, uliokuwa bado na nguvu, na haukukaza. Alikuwa anaongea, pole pole."

"Alisema nini?"

"Nesi alikuja kumpima presha. Mama yako akamuuliza ni nyar wapi. Nesi akasema Bondo. Mama yako akaniambia, kwa sauti ya nesi kusikia, 'Niliwaambia. Wasichana wa Bondo wana mikono baridi, ndiyo maana hawaolewi mapema.'"

Awino alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha kikageuka, nikahamia upande wake wa kochi nikamkumbatia, akalia hadi akachoka.

"Alisema hivyo kweli?" akauliza baadaye, akiwa amejifuta. "Si unanifariji tu?"

"Kweli. Nesi alicheka, akanipa mkono wake niushike nihakikishe."

"Na?"

"Ulikuwa baridi," nikamwambia.